Barua ya wazi kwa wenye mamlaka ya nishati: hesabuni dizeli isiyochomwa, msihesabu paneli

Kwa: Waziri wa Nishati na Petroli, Mamlaka ya Udhibiti wa Nishati na Petroli (EPRA), Shirika la Umeme Vijijini na Nishati Jadidifu (REREC), Kenya Power, Gavana na Bunge la Kaunti ya Lamu.

KUH: Msaada wa serikali kwa umeme wa jua katika visiwa vya Lamu

Waheshimiwa,

Assalaamu alaykum. Tunawaandikia sisi mafundi wa umeme wa jua na mitambo ya baridi, tunaofanya kazi Amu, Manda, Pate, Ndau, Kiwayu na pwani yote ya juu hadi Kiunga. Ombi letu ni moja, na yote yaliyomo humu ni maelezo yake: kila shilingi ya umma inayotolewa kwa jina la kupunguza gesi joto ipimwe kwa lita za mafuta ambazo hazikuchomwa. Isipimwe kwa idadi ya paneli, wala kwa kilowati zilizoandikwa kwenye kibao siku ya kukata utepe. Paneli iliyofungwa leo ikazimika mwaka wa pili haikupunguza kitu. Jenereta itarudi kunguruma, na kwa kawaida itakuwa kuukuu zaidi kuliko ilivyokuwa.

Desemba 2020 Kenya iliahidi kupunguza gesi joto kwa asilimia 32 ifikapo 2030, ikipimwa dhidi ya tani milioni 143 ambazo tungezifikia lau hakuna hatua iliyochukuliwa. Baada ya hapo ikaja ahadi ya umeme safi kwa asilimia 100 ifikapo mwaka huo huo. Ahadi ni njema. Lakini moshi wenyewe uko wapi? Gridi ya taifa tayari ni safi kwa karibu asilimia 90: mvuke wa Olkaria, mabwawa ya Mto Tana, minara 365 ya upepo ya Ziwa Turkana yenye megawati 310, sola ya Garissa, na ile ya Malindi kule Weru, megawati 40, iliyoanza kazi mwishoni mwa 2021. Moshi uliosalia kwenye gridi hutoka zaidi jioni, jua likishazama na taa zote zimewaka, hapo ndipo mitambo ya mafuta ya Pwani huitwa kusaidia. Ukiongeza paneli za mchana bila betri, moshi huo wa jioni hauugusi. Na usiku wa manane mambo hugeuka: mvuke wa Olkaria huachiliwa hewani kwa kukosa wa kuutumia.

Sasa chukueni paneli ile ile mkaifunge mahali ambapo gridi haijafika. Hapo kila yuniti (kilowati-saa moja) inayotoka inaondoa dizeli moja kwa moja. Lita moja ya dizeli ikiungua hutoa kilo 2.68 za hewa ukaa, lita ya petroli kilo 2.31. Laini ya kilovolti 220 kutoka Rabai kupitia Malindi na Garsen ilipofika Lamu, jenereta za mji wa Amu zilipumzika. Miji kama Faza na Kiunga ilijengewa vituo vyake vya dizeli, na vijiji vidogo vinajitegemea kwa vijenereta vya watu binafsi. Mteja wa kituo cha dizeli cha Kenya Power hulipa bei ya yuniti sawa na mteja wa Nairobi, na hivyo ndivyo inavyostahili. Lakini gharama ya dizeli ile inagawanywa kwa wateja wa nchi nzima kupitia tozo ya mafuta inayotangazwa kila mwezi kwenye Gazeti Rasmi. Kwa hivyo hata mkaazi wa Kericho ana haki ya kuuliza kwa nini kijiji chenye jua mwaka mzima bado kinapelekewa mapipa ya dizeli kwa jahazi.

Hatudai kwamba Lamu ndiyo inayoichafua Kenya. Gesi joto nyingi za nchi hii hutoka kwenye mifugo, mashamba na ukataji wa misitu, na kwa upande wa miti Lamu imebeba zaidi ya sehemu yake: kama asilimia 61 ya mikoko yote ya Kenya iko huku kwetu. Tena ni huku huku, Kwasasi, ambako palipangwa mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050, hadi Juni 2019 leseni yake ya mazingira ilipofutwa na Jopo la Kitaifa la Mazingira kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Hilo limeamuliwa na hatulirudii. Tunalitaja kwa sababu moja tu: watu waliokataa makaa waliambiwa watapata kilicho bora, na bado wanauliza kiko wapi.

Tuje kwenye hesabu. Tuchukue kijiji cha nyumba 200, pamoja na msikiti, skuli, zahanati na maduka kadha. Tunapopanga mfumo tunakadiria yuniti 220 kwa siku. Kuanzia saa moja hadi saa nne usiku mzigo hupanda mpaka kilowati 35. Kuanzia saa tano usiku hadi alfajiri hushuka kuwa kilowati 6 au 7: friji chache, taa za nje, chaji za simu. Jenereta itakayomudu jioni lazima iwe ya kVA 60, yaani kilowati 48. Ikibeba mzigo kamili hunywa kama lita 14 kwa saa, sawa na lita 0.3 kwa yuniti. Usiku wa manane, ikizungukia kilowati 7 tu, bado hunywa kama lita 4 kwa saa. Hapo yuniti moja inakula karibu lita 0.6, mara mbili ya ile ya jioni. Tena injini inayozunguka bila mzigo haipati joto la kutosha. Mafuta hayaungui yote, nozeli hujaa masizi, na utaona kitu cheusi kama lami kikichuruzika kwenye egzosi. Kwa jumla kijiji hicho kinachoma kama lita 100 kwa siku, lita 36,500 kwa mwaka, karibu tani 98 za hewa ukaa.

Dawa yake si kuing'oa jenereta. Tunasema hivyo kwa kuwa tumeona mipango inayojinadi kuwa ya jua tupu, na mipango hiyo huanguka katika miezi ile ile, Mei na Juni. Kwetu huku kilowati moja ya paneli hutoa kama yuniti 4 kwa siku ukishatoa hasara za joto, waya na inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa paneli na betri kuwa wa kutumika nyumbani. Masika na mawingu ya Kusi huishusha chini ya 3 kwa siku kadhaa mfululizo. Ukitaka jua pekee likutoshe siku hizo, itakubidi ununue betri mara mbili au tatu, na betri hizo zitakaa bure miezi kumi. Fungeni kilowati 60 za paneli, betri za lithiamu aina ya fosfati ya chuma zenye uwezo wa kilowati-saa 180, na jenereta ibaki pale pale. Siku ya jua zitaingia yuniti 240, zinatosha. Siku ya mawingu zitaingia kama 170. Basi jenereta iwashwe jioni kwa saa mbili au mbili na nusu, ikiwa na mzigo kamili, ilishe kijiji na ijaze betri, kisha izimwe kabisa mpaka kesho. Ikifanya hivyo siku 90 kwa mwaka, itachoma kama lita 2,700 badala ya 36,500. Hizo ni tani 90 zilizookolewa na kijiji kimoja, na tanki la dizeli linaweza kukaguliwa na mtu yeyote mwenye kijiti cha kupimia.

Hapo ndipo kipimo chetu kinapokuwa na manufaa. Idadi ya paneli mnaipata kwa mkandarasi. Lita mnazipata kwenye tanki, kwenye stakabadhi za jahazi na kwenye mita ya saa za jenereta. Malipo ya mradi yakatwe vipande: asilimia 60 mfumo ukikubaliwa, na 40 iliyobaki igawanywe kwa miaka mitano, ilipwe kila robo mwaka kulingana na lita zilizopungua. Mkandarasi atakayejua kwamba fedha zake za mwaka wa nne zinategemea inveta kuwa hai, hatawaletea inveta ya bei ya chini.

Kuna mzigo mmoja ambao mipango ya serikali huupita na sisi tunauona kuwa bora kuliko yote: barafu. Wavuvi wa Kizingitini, Faza na Kiunga wanaihitaji kila siku, na barafu haihitaji betri. Mtambo ukigandisha mchana, jua likiwa juu, ghala lenye kuta nzuri litaihifadhi mpaka usiku na kesho yake. Kuyatoa maji kutoka nyuzi 28 hadi kuwa barafu ngumu, pamoja na hasara za mtambo, kunataka kama yuniti 80 kwa tani. Kwa hiyo tani moja kwa siku inataka kilowati 20 za paneli, na betri ndogo tu ya kushikilia mitambo ya udhibiti. Kwa jenereta ndogo inayokula lita 0.4 kwa yuniti, tani hiyo ni lita 32 za dizeli. Kwa siku 300 za kazi ni lita 9,600, karibu tani 26 za hewa ukaa. Samaki asiyeoza mvuvi ataongeza mwenyewe kwenye hesabu.

Lakini barafu ina mtego wake, na hapa tunaomba msome polepole. Mitambo mingi ya barafu inayoingizwa nchini hutumia gesi ya R404A. Kilo moja ya gesi hiyo ikivuja, madhara yake kwa hali ya hewa ni sawa na kilo 3,900 na zaidi za hewa ukaa. Mtambo wa tani moja ukiwa na kilo 7 za gesi, uvujaji mmoja ni sawa na tani 27. Mwaka mzima wa jua umepotea kwenye tundu lisiloingia sindano! Na hapa pwani matundu hayo ni ya kawaida, kwa sababu mapezi ya alumini yaliyovikwa juu ya mirija ya shaba huliwa na chumvi mahali metali mbili zinapogusana. Kwa hivyo zabuni itaje mambo haya kwa jina: gesi iwe R290 (propani) au amonia, kondensa, yaani sehemu ya mtambo inayotoa joto nje, ipakwe rangi maalumu ya kuzuia chumvi, na fundi atakayejaza gesi awe na mashine ya kuivuta gesi ya zamani, asije akaifungulia hewani kama inavyofanyika kila siku. Kwa R290 pawe na uingizaji hewa wa kutosha na swichi zisizotoa cheche. Gesi hiyo inawaka moto. Kompresa nayo iwe na kianzishi laini au kidhibiti cha kasi. Kompresa inayoanza ghafla huvuta mkondo mara tano hadi saba ya kawaida yake, inveta hujikinga kwa kuzima, na wenyeji hudhani kwamba jua limeshindwa.

Chumvi haiishii kwenye friji. Vipimo vingi vya zabuni huandikwa kana kwamba mitambo inapelekwa Nakuru. Bolti za stenlesi daraja la 304 huanza vidoa vya kutu katika mwaka wa kwanza kwenye upepo wa Kaskazi, tumieni 316. Pale bolti ya chuma inapogusa fremu ya alumini pawe na washa ya plastiki, la sivyo alumini italiwa kimya kimya mpaka paneli ipeperuke. Nguzo za chuma zichovywe zinki ya mikroni 85, na zikatwe na kutobolewa kabla ya kuchovywa. Tundu lililotobolewa baada ya hapo ndilo litakalooza kwanza. Paneli ziwe zimefaulu jaribio la ukungu wa chumvi, IEC 61701. Inveta yenye feni inayovuta hewa ya nje huvuta na chumvi yake ndani hadi kwenye bodi ya saketi. Chagueni zile zisizo na feni, zilizofungwa kwa kiwango cha IP65, kisichopitisha vumbi wala maji ya kurushwa, na mzifunge ukuta wa kivulini. Viunganishi vya paneli vya MC4 viwe vya kampuni moja, dume na jike. Vya kampuni mbili huingiana vizuri, kisha hupata joto, huyeyuka na kuwasha moto, na katika mji wa makuti hilo si jambo la mchezo.

Tukiwa kwenye makuti: paa la makuti halibebi paneli, na hakuna bracketi itakayobadilisha hilo. Wekeni kwenye nguzo uwanjani au juu ya sakafu, yaani paa bapa, la nyumba ya mawe. Kwa Mji wa Kale wa Amu, ulio kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 2001, ongeeni na Makumbusho ya Taifa kabla ya kununua. Paneli zilizolazwa chini ya kimo cha ukuta wa sakafu ya juu hazionekani kutoka barabarani, lakini zile boriti za zamani zipimwe na mtu anayezijua, maana paneli na uzito wake wa kuzuia upepo ni mzigo usiolala siku zote mahali pazuri. Mteremko uwe nyuzi 10 hadi 15. Kwa latitudo yetu ungeweza kulaza zaidi, ila mvua haitaosha kinyesi cha kunguru, na sehemu ndogo iliyofunikwa hupata joto kali hadi kioo kupasuka. Zioshwe asubuhi mapema, kwa maji ya mvua ya jabia. Maji ya visima vyetu vingi yana chumvi na yakikauka huacha utando.

Msingi wa zege usichanganywe kwa mchanga wa ufukweni. Kila mtu anajua, na kila mara hufanyika, kwa kuwa mchanga wa bure uko hatua kumi na ule safi unatoka bara kwa jahazi. Nondo za ndani hushika kutu, zege hupasuka, nguzo huinama. Basi zabuni ilipe gharama ya kuleta mchanga. Ethi nayo, ile njia ya kupeleka umeme wa hatari ardhini: nondo moja ya mita 1.2 iliyopigwa kwenye mchanga mkavu itasoma ukinzani wa mamia ya omu, na radi ya kwanza ya masika itachukua inveta. Pigeni nondo kadhaa za mita 2.4 mpaka kwenye unyevu, ziunganishwe, na mkaguzi apime asome chini ya omu 10 kabla ya kutia sahihi.

Kwa mifumo midogo ya nyumbani, iliyokuja kwa wingi na KOSAP, mradi wa serikali wa umeme wa jua kwa maeneo yasiyo na gridi, katika kaunti 14 ikiwemo yetu, adui ni waya na udanganyifu. Mkondo wa ampea 10 kwa volti 12, kupitia waya wa milimita za mraba 2.5 kwa umbali wa mita 20, hupoteza karibu volti 2.75 njiani. Taa inapata volti 9 na kitu, betri inalaumiwa, mwenye nyumba anawasha koroboi. Mzigo ule ule ukiwa kwenye volti 48 hupoteza hata asilimia 2 haifiki. Tena waya nyingi sokoni ni za alumini zilizopakwa shaba. Kwaruza kwa kisu utaona weupe. Na paneli zina kipimo rahisi ambacho afisa yeyote wa viwango anaweza kukitumia bila maabara: mita moja ya mraba ya paneli nzuri hutoa wati 200 hadi 220. Basi paneli ya mita moja ya mraba iliyoandikwa wati 400 imeandikwa uongo. Shirika la Viwango (KEBS) na EPRA wakisimama siku mbili tu na kamba ya kupimia kwenye maduka ya Mombasa, watu wetu watanusurika na hasara kubwa.

Betri za asidi bado zinaletwa kwenye miradi kwa sababu bei yake ya siku ya kwanza ni ndogo. Kila nyuzi 10 za joto juu ya 25 hupunguza maisha yake kwa nusu, na chumba cha betri chenye paa la bati hapa kwetu hupita 35 bila shida. Ukishusha chaji yake chini ya nusu mara kwa mara, mwaka wa pili au wa tatu imekufa. Halafu inamwagwa. Asidi na risasi zinaingia kwenye mchanga ule ule unaochuja maji ya visima. Mradi wowote unaoleta betri kisiwani uwe na fungu la kuirudisha bara, lililolipwa mapema.

Kwa Amu na Shela, ambako gridi ipo, tatizo ni la namna nyingine. Tumefungwa kwenye laini moja ndefu, na ikikatika popote mahoteli yote huwasha majenereta. Wengi wamefunga paneli zenye inveta ya kuungana na gridi. Inveta hiyo, kwa usalama wa mafundi walio kwenye nguzo, hujizima gridi ikizima. Mchana mweupe, paneli 40 juu ya paa, na dizeli inachomwa chini! Inveta za mseto zenye betri na swichi ya kutenga nyumba na gridi hulimaliza jambo hili. Sheria ya Nishati ya 2019 inamruhusu mteja kuwa na mtambo wa hadi megawati 1 na kubadilishana umeme na gridi, na kanuni za 2024 zinamrudishia nusu ya yuniti anazotuma. Nusu hatuilalamikii, umeme wa mchana thamani yake si kubwa kwenye gridi yetu, kama tulivyoeleza. Tunaomba badala yake Kenya Power itoe orodha ya wazi ya inveta za mseto zilizokubaliwa, na maombi yajibiwe kwa muda uliowekwa.

Kodi isitingishwe. Msamaha wa VAT kwa vifaa vya jua uliondolewa 2020 na kurudishwa 2021. Katika muda huo bei zilipanda, miradi iliyokwisha kupigiwa hesabu ikapunguziwa betri, na leo baadhi yake imelala kwa sababu hiyo. Msamaha ukiwekwa, uwekwe kwa miaka kumi, na uguse vipuri pia: inveta ya badala, kontrola ya chaji ya betri, fyuzi za mkondo wa moja kwa moja.

Leseni za EPRA za mafundi wa umeme wa jua, za madaraja ya T1, T2 na T3, ni jambo jema na tunaziunga mkono. Lakini kwa kijana wa Siyu au Ndau, mafunzo na mtihani vikiwa mbali, nauli na malazi humshinda kabla hajalipa ada. Katiba imeipa kaunti kazi ya usambazaji wa umeme, na sheria ya 2019 inaitaka iwe na mpango wake wa nishati. Basi kaunti itenge darasa na mitambo ya mazoezi kwenye chuo kimoja cha ufundi hapa Lamu, na EPRA ilete watahini huku mara mbili kwa mwaka. Tunataka kila kijiji chenye mtambo kiwe na mafundi wawili wenye leseni wanaoishi hapo, wanaolipwa mshahara na mradi, wenye funguo za ghala la vipuri. Ghala lenyewe si kubwa: inveta moja ya akiba, kontrola mbili, fyuzi, viunganishi, washa, mita ya umeme, na paneli kumi. Thamani yake ni ndogo mbele ya gharama ya mfumo uliozimwa miezi sita ukingojea kifaa kimoja. Kiunga kumekuwa na mtambo wa kusafisha maji ya bahari kwa umeme wa jua tangu 2018. Mtambo kama huo una pampu za shinikizo, vichujio vya kubadilishwa na utando wa kusafishwa kwa dawa. Hauendeshwi na nia njema. Fedha za FLLoCA, mpango wa kugharimia hatua za tabianchi mashinani, zinazopitia kamati za wadi, ziruhusiwe kulipia matengenezo, maana hivi sasa fikira za wengi ni kwamba fedha za tabianchi ni za kujenga kipya tu.

La mwisho ni kalenda. Mwaka wa fedha unafungwa 30 Juni, na fedha za miradi huchelewa kufika, kwa hivyo pilikapilika zote za kupeleka mizigo hukutana Mei na Juni. Hiyo ndiyo masika na Kusi kwa pamoja. Mkanda, ule mlango mwembamba wa bahari baina ya Manda na bara, hupitika maji yakijaa tu, na nje ya Kiwayu bahari ni ya watu wenye dharura tu. Paneli hufika zimepasuka ndani bila kuonekana kwa macho, betri hulowa maji ya chumvi, zege humwagwa mvuani, na mkaguzi hutia sahihi akiwa Mokowe kwa kuwa boti haikutoka. Zabuni za visiwani zitangazwe Julai, mikataba itiwe sahihi kufikia Septemba, mizigo ivuke Novemba bahari ikitulia baina ya pepo mbili, na ujenzi ufanyike Kaskazi ikivuma, Desemba hadi Machi. Fedha ambazo hazijatumika kwa sababu hiyo ziruhusiwe kuvuka mwaka. Tunaiomba Wizara ya Fedha itafute njia ya kulitekeleza hili, na tungependa kuiona kabla ya zabuni zijazo.

Wenu katika kazi,

Mafundi wa umeme wa jua na mitambo ya baridi
Amu, Kaunti ya Lamu